Umefunga balbu za LED kwenye taa za gari na bado usiku huoni? Anza na dalili kabla hujanunua balbu nyingine

Mtu akiingia duka la spea, iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, swali lake la kwanza ni moja tu, "zipi kali?", na muuzaji anamtolea boksi limeandikwa 6500K au 8000K afu anamwambia hii ndo kiboko yao. Shida inaanzia hapo hapo. Ile K haihusu ukali hata kidogo. Ni Kelvini, inakwambia mwanga una rangi gani na basi, ukali wenyewe unapimwa kwa lumeni.

Twende haraka haraka na namba. 3000K ni njano. Halojeni ile gari ilikuja nayo iko 3200K hivi, nyeupe yenye unjano. Xenon za kiwandani (balbu za gesi), zile za Crown na Mark X, zipo kwenye 4300K. 5000K ni nyeupe safi inayokaribia mwanga wa mchana, 6000K mpaka 6500K ni nyeupe ya baridi ambayo imeanza kuvuta ubluu, na 8000K hiyo ni bluu kabisa, usiku inapendeza kwa anayeliangalia gari, we uliyeshika usukani haikusaidii kitu. Namba ikipanda mwanga hauongezeki, na mara nyingi ukifika huko kwenye bluu unapungua.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usipoteze muda: kwa mtu anayetoka mjini usiku, taa za mbele ziwe kati ya 4300K na 5000K, fogu (taa za ukungu za kwenye bampa) ziwe 3000K. Anayezunguka mjini tu penye taa za barabarani 6000K haitamuumiza sana. Zaidi ya hapo ni urembo. Ila sasa malalamiko mengi ninayosikia watu wanayabebesha rangi wakati kosa liko kwingine kabisa, ndo maana nimeyapanga kwa dalili.

Mbele ya bampa kweupe pee, mbali giza totoro

Hii ndo dalili namba moja na ndo inayodanganya kuliko zote, maana ukiwasha tu ukaangalia chini unaona kweupe unasema hapa pesa yangu imeenda kihalali, afu unafika Mikumi saa 3 usiku nyati kasimama pembeni ya lami unamuona akiwa ameshakukaribia.

Sababu ya kwanza ni macho yenyewe. Mita chache mbele ya gari zikiwa na mwanga mwingi kupita kiasi, mboni inajifinya, na ikijifinya huko mbali unapaona peusi zaidi ya palivyo. Kwa hiyo ule weupe unaoufurahia karibu unakula uwezo wako wa kuona mbali.

Ya pili ndo kubwa. Reflekta ya taa yako, yani kile kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele, ilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba wa halojeni unaokaa sehemu moja maalum, kwa vipimo vya milimita. LED ikiwa na chipu (vile vidoa vinavyotoa mwanga) zilizokaa nyuma au mbele ya pale, au ubao wake ukawa mnene, au balbu imefungwa imepinda, mwanga unamwagika hovyo. Fanya hivi: tafuta ukuta na sehemu tambarare, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, washa dimu (taa za chini). Pima kutoka chini mpaka katikati ya taa yako, weka alama ya urefu huo ukutani kwa chaki au selotepu. Mstari wa kukatia mwanga unatakiwa uwe chini ya alama kama sentimita 10 (hesabu yake ni sentimita 1 kwa kila mita 1), na kwa magari yetu ya kuendeshea kushoto mstari unapanda kidogo upande wa kushoto. Ukiona hakuna mstari, kuna ukungu ukungu tu wa mwanga umesambaa mpaka juu, basi hata ungebadilisha rangi mara ngapi hutopona.

Dawa yake: fungua balbu uizungushe. Zisizo na kikombe kama H7 na H11 chipu zinatakiwa ziangalie kushoto na kulia, yani kama mishale ya saa 3 na saa 9, zisiangalie juu na chini. Kola ya balbu nyingi inalegezwa kwa kaskrubu kadogo, unazungusha huku mwenzio anaangalia ukutani. H4, ambayo ndo ipo kwenye Vitz, Passo na Probox nyingi, ina utaratibu wake: chipu za dimu zina kakikombe ka chuma chini yake ili mwanga upige nusu ya juu ya reflekta tu. Ikifungwa kichwa chini, na nimeshaona fundi kaifunga hivyo na kapokea hela yake, dimu inaangaza matawi ya miembe.

Na kama umezungusha ukamaliza na mstari bado haupo, hiyo balbu haiendani na taa yako, irudishe. Hakuna setingi ya siri.

Mvua ikinyesha barabara inapotea

Hapa rangi inahusika kweli, japo sio peke yake. Lami ikilowa inakuwa kioo, mwanga wako unateleza kwenda mbele badala ya kurudi kwenye macho yako, na hilo lipo hata kwa halojeni. Kinachoongezwa na 6500K ni kwamba mwanga wenye bluu nyingi ukirudishwa na matone ya mvua unakwaza macho kuliko wenye unjano, so unajikuta unaangalia matone badala ya barabara. Wenye umri umekwenda wanaumia zaidi, maana lenzi ya jicho nayo inazeeka na inatawanya mwanga.

Kabla hujalaumu Kelvini lakini, washa wiper uangalie kioo. Kioo chenye mikwaruzo na mafuta kinafanya kila taa iwe na nywele nywele. Kisha angalia plastiki ya taa, ikiwa imekuwa njano na ina ukurutu, LED nyeupe itatawanyika humo humo ndani kabla haijafika barabarani. Ile inasuguliwa kwa msasa wa maji, unaanza 800 au 1000, unaenda 2000, unamalizia 3000 na polishi, afu unapaka koti la kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu, bila koti jua linaichoma tena unarudi pale pale.

Vyote hivyo vikiwa safi na mvua bado inakupoteza, shuka 4300K. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo ikinyesha.

Ukungu unageuka ukuta mweupe

Hii wanaijua wa Njombe, Lushoto, Tukuyu, na kwa Kenya wanaopita Limuru na Kinale alfajiri. Unawasha taa, mbele panakuwa kama umefunikwa shuka.

Sababu namba moja ni fulu (taa za juu). Zima fulu! Kuna watu wanadhani ukungu unashindwa kwa nguvu. Matone yako mbele ya macho yako, ukiyamulika kwa juu yanakurudishia wewe.

Sababu ya pili ni fogu za 6000K, au mbaya zaidi fogu zilizofungwa LED isiyo na mstari zikawa zinaangaza mpaka juu. Fogu inafanya kazi kwa sababu iko chini karibu na lami na mwanga wake ni mpana, bapa, hauendi juu. Ukiharibu ubapa huo umebaki na pambo la bampa.

Sasa ile stori ya kwamba njano "inapenya" ukungu, tuiweke sawa. Matone ya ukungu ni makubwa sana ukilinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawa, njano haina njia yake ya kupitia. Inachosaidia ni macho yako: ukiondoa bluu kwenye mwanga, ule unaorudi haukwazi sana na unaweza kukaza macho muda mrefu bila kuchoka. Ufaransa walilazimisha taa za mbele za njano kwa sheria iliyotungwa 1936, wakaja kuiacha 1993. Japani nako taa kubwa za njano ziliruhusiwa kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 2006, baada ya hapo lazima ziwe nyeupe, lakini fogu za njano mpaka leo ruksa. Kwa hiyo fogu 3000K, taa kubwa uache nyeupe ya kawaida, ndo mpango unaotumika sana kwa watu wa baridi na kwa sababu nzuri.

Balbu za njano nyingi zina lumeni pungufu kidogo kuliko dada zao nyeupe. Kwenye fogu hilo halikusumbui.

Barabara ya vumbi kila kitu kimepauka

Sioni watu wakiongelea hii na ndo inatuhusu sisi kabisa. Udongo wetu mwekundu, ule wa murram, unarudisha zaidi mwanga mwekundu na wa njano, bluu unaimeza. LED nyeupe imetengenezwa kwa chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake, na kadri Kelvini zinavyopanda bluu inazidi na wekundu unapungua. Ukimulika udongo mwekundu kwa 6500K sehemu kubwa ya mwanga unaenda na haurudi. Shimo na kivuli cha shimo vinafanana, mbuzi wa kahawia pembeni anafanana na udongo, mtembea kwa miguu mwenye nguo za rangi ya udongo ndo usiseme.

Hapo halojeni ya 3200K yenye lumeni chache inaweza kukuonyesha mashimo vizuri kuliko LED yenye lumeni nyingi, na madereva wa noah za vijijini wanaorudisha halojeni zao wala hawajachanganyikiwa. Ukitaka LED kwa njia hizo usivuke 4300K. Na vumbi la gari lililokutangulia lichukulie kama ukungu, yani dimu, fogu, na umuachie nafasi.

Kila anayekuja anakupiga fulu

Afu unakasirika unampiga na wewe. Wakikupigia wengi namna hiyo, we ndo mwenye tatizo.

Fanya ule mtihani wa ukuta, ila mara hii ufanye na mzigo. Gari likiwa na watu wanne nyuma na buti imejaa, pua inanyanyuka na dimu yako inageuka fulu. Karibu na usukani magari mengi yana kinobu chenye namba kuanzia 0, namba ikikua taa inashuka. Watu wengi hawajawahi kukigusa toka wanunue gari. Kama kinobu hakitoshi kuna skrubu nyuma ya taa yenyewe, shusha taratibu huku unaangalia ukutani, na shusha zote mbili sawa.

Kama usawa uko poa na mstari upo, basi ni rangi: mwanga wa 6500K unamkwaza anayekuja kuliko wa 4300K hata kama lumeni ni zile zile.

Kuna moja ya ndugu zetu wa Burundi na mashariki ya Congo. Kule wanaendesha kulia, ila magari kibao ni ya Japani yenye usukani kulia, na taa za Japani zinanyanyua mwanga upande wa kushoto, ambao kwao ndo upande wa anayekuja. Ukiongeza LED kali juu ya hilo unapofusha watu barabara nzima. Wa huko shusha taa zaidi ya kawaida, au tafuta taa zilizotengenezwa kwa barabara za kulia. Huku kwetu balaa hilo hilo linawapata wenye magari yaliyotoka nchi za kuendeshea kulia yakabadilishwa usukani lakini taa zikaachwa zile zile.

Kushoto nyeupe, kulia bluu bluu

Hamisha balbu. Ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto. Rangi ikihama na balbu, tatizo ni balbu. Ikibaki pale pale, angalia plastiki ya taa, labda moja ni mpya baada ya ajali na nyingine ya zamani imefifia.

Ikiwa ni balbu, mara nyingi sio pea moja ya kiwanda. Muuzaji alikuuzia moja moja, au ulibadilisha iliyokufa peke yake. 6000K ya kampuni moja na 6000K ya nyingine hazifanani, nunua zikiwa pea siku zote. Na LED iliyokuwa nyeupe ikianza kugeuka bluu au zambarau yenyewe, ule unga wa njano juu ya chipu umeungua au umebanduka. Hiyo haina matibabu.

Stop inawaka pinki, indiketa rangi ya limau

Uliweka LED nyeupe nyuma ya plastiki nyekundu. LED nyeupe ina wekundu kidogo, plastiki nyekundu inapitisha wekundu tu, so kinachotoka ni kidogo na kimepauka. Nyuma ya plastiki nyekundu weka LED nyekundu, nyuma ya rangi ya chungwa weka ya chungwa. Rivasi na namba ya gari ndo zinachukua nyeupe. Bluu au nyekundu zinazowaka mbele usijaribu, trafiki hatakuuliza Kelvini ngapi.

Indiketa ikianza kucheza mbio mbio baada ya kuweka LED, rilei (kifaa kinachoichezesha indiketa) inadhani balbu imeungua, kwa sababu ile balbu ya wati 21 imeondolewa na hii mpya inavuta umeme kidogo mno. Badilisha rilei uweke ya LED, ndo njia safi. Wengine wanaweka rezista ya omu 6 ya wati 50, inafanya kazi, ila inachemka haswa, ifungwe kwenye chuma mbali na waya na plastiki.

Zinatetema, redio inakwaruza, alama ya fulu imepotea

Nazipitia fupi. Kutetema au onyo la balbu kwenye dashibodi, hasa BMW, Benzi, Audi na VW, ni kompyuta ya gari inayopima balbu kwa mapigo ya umeme, unahitaji balbu zenye dekoda ya CAN, yani kifaa kinachoifanya kompyuta hiyo iikubali LED. Redio kukwaruza ukiwasha taa ni draiva ya LED (kile kisanduku kinachoipa umeme) isiyo na kichujio, hiyo ni dalili ya bei rahisi. Alama ya bluu ya fulu kutowaka kwenye Toyota za H4 isikutishe: Toyota nyingi zinakata upande wa negative, na kataa kale ka dashibodi kalikuwa kanapata njia kupitia waya wa dimu wa halojeni. LED haina waya huo. Kuna waya wa adapta kwa ajili hiyo, mwambie fundi umeme.

Zilikuwa kali, zimefifia

Ikiwa ni ndani ya dakika kumi baada ya kuwasha, ni joto. LED haipendi joto, ikichemka draiva inapunguza umeme ili chipu isiungue. Angalia kafeni nyuma kama kanazunguka au kamejaa vumbi. Angalia pia kama fundi aliacha kifuniko cha mpira wazi kwa sababu kisigino cha balbu hakikuenea, maana hapo vumbi na maji vinaingia mpaka ndani ya reflekta, na reflekta ikishapoteza kioo chake utanunua taa nzima. LED pia haipashi joto mbele kama halojeni, kwa hiyo unyevu ukiingia hautoki kirahisi.

Ukiwa dukani sasa

Soma namba kwenye balbu ya zamani, H4, H7, H11, HB3, usitaje jina la gari tu, maana gari moja lina toleo tatu za taa. Angalia wati halisi. H4 ya halojeni ya wati 60/55 inatoa lumeni kama 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu, na H11 kama 1,350. LED nzuri ya gari ichukulie ni takriban lumeni 100 kwa wati. Kwa hiyo boksi la wati 30 linaloandika lumeni 20,000 limekudanganya kwenye lumeni, na lililodanganya hapo usiliamini na kwenye Kelvini.

Mwombe muuzaji aiwashe kwenye betri mbele yako iache dakika kumi, usiiangalie usoni, imulike kwenye karatasi nyeupe na ya zamani pembeni yake. Ikivuta ubluu kwenye karatasi wakati boksi linasema 5000K, mrudishie. Mkubaliane kabisa kwamba mstari ukikosekana ukutani unairudisha, asipokubali nenda duka la pili. Na halojeni zako za zamani zifunge kwenye kitambaa uziweke kwenye dashibodi, LED ikizima mlima Kitonga usiku hutapata wa kukuuzia nyingine.